Kicheko cha Chai: Anayechekwa ni Nani?

Ndugu msomaji, hapana kitu kinachouza kinywaji upesi kuliko kicheko. Mwenye kucheka husahau kuuliza bei. Wafanyabiashara wa dunia nzima wanalijua jambo hili, na Wajapani wamelifanya kuwa ufundi wao. Matangazo yao ya televisheni aghalabu ni ya sekunde 15 tu, na ndani ya muda huo mfupi mtu hupata kisa kizima chenye mwanzo, kiroja na mwisho, na kopo la kinywaji likiwa limekaa katikati kama bibi harusi.

Nichukue mfano mmoja. Kampuni ya Suntory inauza kahawa ya kopo iitwayo BOSS. Mwaka 2006 ilianza kumtumia mwigizaji wa Marekani, Tommy Lee Jones, bwana mwenye uso wa kununa kama aliyedaiwa deni. Katika matangazo hayo yeye ni kiumbe wa sayari nyingine aliyekuja kuwachunguza wanadamu. Basi hujigeuza mtu wa kazi, mara dereva, mara mfanyakazi wa ujenzi. Kila anachokiona kinamshangaza: jinsi watu wanavyochoka, wanavyokemewa na wakubwa, na bado kesho yake wakarudi kazini. Mwisho hufungua kopo lake akanywa.

Natuulizane: katika kisa hicho anayechekwa ni nani? Ni mgeni, yule asiyeyaelewa mambo. Mfanyakazi wa Kijapani hachekwi. Yeye ndiye anayestaajabiwa, na kahawa ile imetengezwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Sisemi kuwa Wajapani hawakosei. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kinywaji chao cha kutia nguvu, Regain, kilitangazwa kwa kumwuliza mfanyakazi kama anaweza kupambana kwa saa 24. Watu walilicheka na kuliimba tangazo lile, ilhali nchi hiyo hiyo ndiyo yenye neno lake maalumu, karoshi, la mtu kufa kwa kazi nyingi. Kicheko chaweza kubeba mzigo mzito bila ya wachekao kuuona.

Sasa tuje kwetu. Katika michezo ya kuchekesha na matangazo ya vinywaji hapa Kenya, wasomaji mnamjua bawabu yule. Kavaa koti kubwa kuliko mwili wake, mkononi ana kikombe cha chai kinachotosha watu watatu, na mkate nzima kwapani. Akifungua kinywa, gari huwa kari na vizuri huwa fisuri. Hapo ndipo tunapotakiwa tucheke. Hana kisa wala hila wala jawabu. Kosa lake ni kuzaliwa magharibi ya nchi na kupenda chai.

Nilikuwa Bungoma, katika hoteli moja ya chai karibu na stesheni ya matatu, televisheni ikiwa juu ya kabati. Tangazo la namna hiyo likapita. Vijana wakacheka sana, na wao wenyewe ni Wabukusu. Mzee mmoja aliyevaa sare ya ulinzi, ametoka zamu ya usiku, hakucheka wala hakukasirika. Alikigeuza kikombe chake, akakitazama ukubwa wake, kisha akakiweka chini kabla hajakimaliza. Mimi nikaona kuwa pale mtu amenyang'anywa chai yake.

Na chai hiyo ina maana huko. Mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon hulima kahawa akaiuza, mwenyewe akanywa chai ya maziwa. Mgeni hapiti mlango wa Mbukusu bila kuandaliwa kikombe. Ule ukubwa wa kikombe, ambao mtunga tangazo anauona ni ulafi, kwa mwenyeji ni ukarimu.

Na hiyo kari? Lubukusu haina sauti ya g wala d isipotanguliwa na sauti ya puani. Basi ulimi wa mzee unafuata kanuni ya lugha yake, kama ulimi wa kila mtu. Mtu wa Lamu husema "ndoo" akikusudia "njoo", wala Mombasa hatumfanyi zuzu kwa hilo. Lakini pwani nako wako wanaokicheka Kiswahili cha bara, na bara wanatulipa kwa Mpwani wao wa matangazo, aliyelala juu ya mkeka akisema "yakhe" hata jua likatua. Biashara hii ya dharau ina wateja kila upande.

Watu watasema, "Huu ni utani tu." Hapo ndipo nataka tusimame. Utani nchi zetu zaujua, na una sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani: huyu akisema, yule hujibu, na msibani watani ndio wanaofanya kazi. Washairi wetu wa zamani, kama Muyaka bin Haji wa Mombasa, walilumbana na wenzao wa Lamu kwa maneno makali, lakini kila beti ilijibiwa kwa beti. Sharti la utani ni jawabu. Tangazo halijibiwi. Bawabu wa Bungoma hana sekunde 30 za kununua usiku wakati wa habari ili naye amtanie mwenye kampuni.

Chuoni tulisomeshwa kuwa Suratul Hujurat imekataza kaumu kuidhihaki kaumu nyingine na kupeana majina mabaya. Wasiosoma chuo wanayo methali: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na kama yuko asiyeamini usaha huo, aende Kitale. Mji ule una Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Waturkana, Wapokoti na wengineo, wote wakinunua mahindi soko moja. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa. Sisemi kuwa tangazo la chai lilichoma nyumba. Nasema kuwa aliyezoeshwa kumtambua mwenzake kwa matamshi ili amcheke, amekwisha kuzoeshwa kumtambua.

Je, tuache kucheka? Hasha! Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi aliigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo, nasi tukampenda, Wajaluo wakiwa mbele. Kwa nini? Kwa sababu Ojwang alikuwa mtu kamili. Alikuwa na mke wa kumjibu, Mama Kayai, alikuwa na tamaa, hofu na ujanja, akashinda leo akashindwa kesho. Lafudhi ilikuwa nguo yake tu, vitimbi vilikuwa vyake mwenyewe.

Basi nawaambia watunzi wa matangazo, ambao wengi wao ni vijana wenye vipaji: mwacheni bawabu na kikombe chake kikubwa na matamshi yake, lakini mpeni neno la mwisho. Na amwone tajiri anayepita usiku na gari lake, amshangae kama yule kiumbe wa sayari nyingine anavyowashangaa Wajapani, nasi tucheke pamoja naye. Chai itauzika vile vile. Na yule Mpwani wa mkekani, tafadhalini, mtafutieni kazi.