MAMA NA MTOTO: Mtoto Mchanga Abebwe Kifuani

Ndugu msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya mbeleko. Labda utacheka. Utasema, "Nani asiyejua kubeba mtoto? Mama alinibeba mimi, na bibi alimbeba mama." Ni kweli. Mbeleko ni nguo ya heshima kwetu. Hata katika posa za watu wa pwani, mama wa bibi arusi hupewa mbeleko yake, kwa kukumbuka kwamba alimbeba binti huyo. Basi hatusemi mbeleko iachwe. Tunasema kwamba mtoto wa wiki mbili si sawa na mtoto wa miezi sita, na wengi wetu huwafunga wote kwa namna moja.

Hebu mtazame mtoto aliyezaliwa juzi. Kichwa chake ni kizito na shingo yake haina nguvu. Ukimwinua bila kushika kichwa, kichwa kinaanguka nyuma. Ukimketisha, kidevu kinaanguka kifuani, na hawezi kukiinua tena mwenyewe.

Ndani ya shingo hiyo mna njia ya hewa. Kwa mtoto mchanga njia hiyo ni nyembamba na laini. Umewahi kuona mrija wa jani la mpapai ulioachwa juani mpaka ukanyauka? Ukiunyoosha, hewa inapita. Ukiukunja, hewa haipiti. Njia ya hewa ya mtoto mchanga iko karibu na hivyo. Kidevu kikilala kifuani, njia inajikunja. Tena mtoto wa umri huo hupumua zaidi kwa pua. Pua ikigandamizwa kwenye nguo au kwenye mwili wa mtu, anapata taabu.

Mtu mzima akikosa hewa atapiga kelele na kupigana. Mtoto mchanga hafanyi hivyo. Kilio nacho kinahitaji hewa. Yeye hunyamaza tu. Mama anasikia kimya, anasema, "Amelala," na anaendelea kupalilia. Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Hakuna sauti ya kukuita.

Kwa sababu hiyo mgongoni si mahali pa mtoto mchanga. Akiwa mgongoni humwoni. Hujui kama khanga imepanda ikamfunika pua. Hujui kama shingo imepinda. Ukiinama kulima au kuchota maji, kichwa chake kinakwenda huku na huku. Mweke kifuani, mbele ya macho yako, mpaka shingo yake ikaze. Kwa watoto wengi shingo hukaza wakiwa na miezi 3 au 4. Lakini usihesabu miezi tu. Mlaze kifudifudi akiwa macho, nawe ukimtazama. Akiinua kichwa vizuri na kukishika bila kuyumba, shingo imeanza kupata nguvu. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huchelewa zaidi. Huyo umwulizie muuguzi.

Je, utamfungaje kifuani? Chukua khanga ya pamba, au kitenge kisichoteleza. Ivute kwanza kwa mikono miwili uone kama haijachakaa. Khanga iliyofuliwa miaka mingi huchanika ghafla. Kisha keti. Usifunge mtoto mchanga ukiwa umesimama, hasa kama u peke yako. Egemea nyuma kidogo, umweke mtoto wima katikati ya maziwa yako, tumbo lake juu ya kifua chako. Miguu yake ikunjwe na kupanuliwa kama ya chura. Geuza kichwa chake upande mmoja, na kidevu kiinuke kidogo.

Sasa zungusha nguo mgongoni kwake na mwilini mwako. Ukingo wa juu wa nguo ufike chini kidogo ya sikio lake. Hapo nguo itashika shingo, na uso utabaki wazi. Kaza nguo sehemu ya kifua, lakini tumboni iwe na nafasi, maana mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Funga fundo mara mbili. Kama ulijifungua kwa upasuaji, fundo lisikae juu ya kidonda.

Ukimaliza, inuka polepole huku mkono mmoja ukishika mgongo wake. Inamisha uso wako. Je, unamwona pua na mdomo? Je, midomo yako inafika juu ya kichwa chake? Weka vidole viwili chini ya kidevu chake. Vikipita kati ya kidevu na kifua, njia ya hewa iko wazi. Visipopita, fungua uanze upya. Kama ameteremka mpaka tumboni kwako, nguo imelegea, naye amejikunja. Fungua pia. Tena usitazame mara moja tu. Tazama kila mara, hasa akisinzia.

Kuna mama wengine humlaza mtoto ndani ya khanga iliyotundikwa begani, kama mtu aliyelala ndani ya mfuko. Mtoto anaonekana kustarehe. Lakini mgongo wake umepinda na kidevu kimegusa kifua. Kwa mtoto mchanga namna hii ni mbaya kuliko zote. Wengine humfunga vizuri, kisha hutandaza khanga ya pili juu ya kichwa chake kumkinga na jua. Chini ya khanga hiyo joto huzidi na hewa huwa chache. Mvike kofia nyepesi, tumia mwavuli, pita kivulini. Uso usifunikwe.

Hapo juu tumetaja miguu ya chura. Jambo hili wazee wetu walilipata bila kufundishwa na mtu. Mifupa ya nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini. Akibebwa miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa, nyonga hukaa vizuri mahali pake. Akifungwa miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja kama kuni, nyonga inaweza kutoka mahali pake. Basi tukimhamishia mtoto kifuani, tusiiache namna hiyo nzuri ya miguu.

Na habari ya kifuani si ya kuigiza tu. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona mashine za kuwatia joto watoto njiti hazitoshi. Akawaweka watoto hao ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao. Namna hiyo ikaitwa kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye hubeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Baadaye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilifanya uchunguzi wa pamoja, na majibu yakatolewa mwaka 2021. Walichunguzwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya kila watoto 100 waliowekwa vifuani mara baada ya kuzaliwa, 12 walikufa katika siku 28 za mwanzo. Kati ya kila 100 waliosubiri kwanza mpaka hali itulie, walikufa karibu 16. Kwa hiyo, ukijifungua mtoto mwenye uzito chini ya kilo 2.5, uliza hospitali juu ya kangaruu. Huyo hubebwa akiwa na nepi, kofia na soksi tu, usiku na mchana, na wauguzi hukuonyesha namna ya kulala naye.

Baba naye ana kifua. Mama akichoka, baba amfunge mtoto ngozi kwa ngozi, ampe joto. Wako wanaume wanaoona haya kwa majirani. Sisi hatuoni haya yanatoka wapi. Mtoto ni wake.

Tatizo kubwa zaidi vijijini ni la dada wadogo. Mama anakwenda shamba, mtoto wa mwezi mmoja anafungwa mgongoni kwa binti wa miaka 7. Binti huyo atakwenda kucheza. Ataruka na ataanguka. Hawezi kujua kama mdogo wake hapumui. Usimpe mzigo huo. Nenda na mtoto wako, umpe kazi bibi au shangazi wa kukaa naye kivulini. Anayebaki naye amlaze chali juu ya mkeka ulionyooka, bila mto.

Wala usipike ukiwa umemfunga mtoto kifuani. Sufuria ya ugali hurusha matone ya moto, na moshi wa kuni unamwingia puani. Kutwanga pia kunamtikisa. Kazi hizo mpe mwingine wa nyumbani, au mtoto ashikwe na mtu mzima.

Bodaboda je? Mtoto mchanga hubanwa kati ya kifua cha mama na mgongo wa dereva, uso wake ukagandamizwa. Ncha za khanga nazo huvutwa na gurudumu. Kama kuna gari, panda gari. Kama safari ni fupi, tembea. Ikiwa ni lazima, kwa mfano unampeleka mgonjwa zahanati, kataa mishikaki, kusanya ncha zote za nguo, mwachie mtoto nafasi mbele, na mwambie dereva aende polepole. Usimwonee haya kumwambia.

Ukimtazama mtoto ukaona amelegea, au anakoroma kwa shida, mfungue palepale. Nyoosha shingo yake, msugue mgongo, ita watu. Mpeleke kituo cha afya upesi kama anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kama kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, kama ulimi na ndani ya midomo ni vya rangi ya buluu, kama hataki kunyonya, au kama mwili ni wa baridi au wa moto sana. Usingoje kupambazuke.

Kama wewe ni mjamzito, anza kujizoeza sasa. Pima unga kilo 3, utie katika mfuko, uufunge kifuani kama tulivyoeleza. Keti, inuka, tembea mpaka kisimani bila kubeba ndoo. Mfuko ukiteremka, hujakaza. Na siku ya kliniki chukua khanga yako pamoja na kadi, umwombe muuguzi akutazame unavyofunga.