Nambari Hasi Zimo Ndani ya Kiswahili

Imekuwa mazoea kwa baadhi ya wasomi kudai kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kufundishia hisabati. Nambari hasi ni kielelezo kizuri cha udhaifu wa dai hilo. Wanafunzi wengi hukariri kwamba hasi mara hasi ni chanya, wakafaulu au wakaanguka mtihani, bila kujua ni kwa nini.

Ushahidi wa kwanza ni saa. Mswahili asemapo "saa tatu kasorobo", hahesabu dakika 45 baada ya saa mbili. Husimama penye saa tatu, akarudi nyuma dakika 15. Saa tatu ndiyo sufuri yake, na kasorobo ndiyo hasi 15.

Ushahidi wa pili ni deni. Mnamo mwaka wa 628, mwanahisabati Mhindi, Brahmagupta, alizieleza kanuni za nambari hizi kwa istilahi za mali na deni. Daftari la mwenye duka hufundisha yayo hayo. Adaiwaye shilingi 500 ni fukara kuliko adaiwaye 200. Ndiyo maana hasi 500 ni ndogo kuliko hasi 200. Mwenye duka akimfutia mteja madeni matatu ya shilingi 20 kila moja, mteja huyo amepata nafuu ya shilingi 60. Kufuta ni hasi, deni ni hasi, na tokeo ni chanya.

Hata sarufi ina la kusema. Kauli "hakuna asiyejua" ina vikanushi viwili, ilhali maana yake ni kwamba kila mtu anajua. Huo ni mlinganisho tu, wala si uthibitisho, lakini humfungulia mwanafunzi mlango.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ila mtihani wa hisabati wa kidato cha nne umeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Hoja si kukifukuza Kiingereza. Hoja ni kwamba mtoto aelewe kwanza kwa lugha anayotumia dukani, kisha ajibu kwa lugha ya mtihani.

Istilahi zipo: hasi, chanya, sufuri. Kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa, na kazi hiyo inawahusu wanaosomea Kiswahili vyuoni kabla ya yeyote mwingine. Hilo ni deni lao kwa taifa, na dawa ya deni ni kulipa.