Chura Ndani ya Sanduku la Kioo

Hapa Nambambo hunicheka nikimtaja chura wa Kihansi, kule Milima ya Udzungwa. Kisa: mwaka 2000 vyura kama 500 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakafugwa katika masanduku ya vioo, wakipimiwa mwanga na maji kama wagonjwa mahututi. Bado wengi walikufa. Mimi sicheki, naudhika. Wasiwasi huo ulichelewa! Chura huyo asiyezidi sentimita 3, ambaye (ajabu ya Mungu) huzaa badala ya kutaga, hakuanza kwa kuugua. Alinyang'anywa manyunyu ya maporomoko tulipojenga bwawa la umeme. Umeme tuliuhitaji, sikatai. Lakini afya yake ilikuwa yale maji, na hesabu yake ilipaswa kupigwa kabla ya bwawa. Mwaka 2012 alirudishwa korongoni, akanyunyiziwe kwa mabomba.