Teja ni Yule, Mimi ni Mgonjwa

Kwa miaka minne nilimeza tramadoli kila siku. Ndani ya miaka hiyo hiyo niliketi katika kamati ya nidhamu iliyomsimamisha masomo kijana aliyekutwa na kapsuli za tramadoli. Nimeyaweka hayo mwanzoni kwa makusudi, ili msomaji anayetaka kunidharau asihangaike kutafuta sababu huko chini.

Mwaka 2015 bodaboda niliyopanda iligongwa ubavuni na gari dogo, nikaangukia mgongo. Hakuna mfupa uliovunjika. Diski moja ya kiunoni ilitoka mahali pake na kuikandamiza neva inayoshuka mguuni. Asiyewahi kuumwa na neva hiyo nitamweleza hivi: ni kama waya wa moto uliotandazwa kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu, na waya huo una tabia ya kukungoja uketi. Mhadhiri husimama anapofundisha, lakini kazi yake nyingine yote ni ya kuketi. Husahihisha mitihani, husoma rasimu za tasnifu, huhudhuria vikao visivyokwisha. Nilijifunza kusahihisha nimelala kifudifudi sakafuni kama mtoto wa chekechea.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtu mwema mwenye foleni ndefu mlangoni. Aliniandikia tramadoli, miligramu 50, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili. Hakuniambia kwamba dawa hii ni ya ukoo mmoja na mofini, wala namna ya kuiacha. Wiki mbili zilipokwisha maumivu yalikuwa bado yapo, nikaenda duka la dawa na cheti kile kile. Muuzaji akakitazama cheti, akaitazama tai yangu, akanipa. Mara ya tatu hakukiuliza cheti. Tai ilitosha.

Tramadoli ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1960 na ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977. Ilisifiwa kuwa inatuliza maumivu makali bila kuleta uraibu kirahisi kama mofini. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Ndani ya mwili dawa hii hushika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na mofini, na juu ya hilo huuzuia ubongo kurejesha ghalani kemikali zinazohusika na hali ya moyo wa mtu. Kwa hiyo anayeiacha ghafla hupata adhabu mbili kwa pamoja. Kwanza ni jasho, miayo, kuhara na mifupa kuuma. Pili ni hofu isiyo na sababu na usingizi unaokataa kuja. Mwili nao huizoea dawa: kile kilichotuliza kwa kapsuli mbili hudai tatu, kisha nne. Baya zaidi ni kwamba dawa za ukoo huu zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali kuliko awali, hivyo mgonjwa akazidisha dozi kutibu maumivu yaliyochochewa na dozi. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, kwa sababu ukizidisha unakaribisha degedege. Nilikifikia kiwango hicho mwaka wa pili. Mwaka wa tatu nilikipita.

Sikulewa hata siku moja. Nasisitiza hili si kwa kujitetea, bali kwa kuwa ndiyo hila iliyonidanganya. Lugha yetu imetupa msamiati wa ulevi peke yake: dawa za kulevya, mlevi, kulewa. Mimi nilifundisha bila kuyumba, nilichapisha makala, nilisimamia wanafunzi wa uzamili. Basi nikahitimisha kwamba jambo lisilonilevya haliwezi kuwa dawa ya kulevya. Neno la kweli, utegemezi, nilikuwa nalijua vizuri sana. Nilikuwa nikilifundisha darasani nikizungumzia uchumi wa nchi zetu.

Siri ina kazi zake za kila siku, na ni kazi ngumu. Kapsuli zilikaa katika kifuko cha miwani. Nilikuwa na maduka ya dawa matano na zamu ya kuyatembelea, ili pasiwe na muuzaji atakayenizoea mno. Safari ya mkoani ilipangwa kwanza kwa hesabu ya kapsuli, kisha kwa hesabu ya nauli. Siku zilipopungua, nikaanza kutetemeka na kutoa jasho, nilisema ni malaria. Malaria ni neno la heshima. Hakuna anayemhoji msomi mwenye malaria. Mke wangu alinipikia uji wa malaria ambayo sikuwa nayo, na kila kijiko nilichomeza kilikuwa uongo mwingine. Ofisini wapo wenzangu ambao malaria zao nazo huja kila mwisho wa mwezi, nami sitawauliza lolote.

Sasa nije kwenye kamati. Mwaka 2018 aliletwa mbele yetu mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekutwa bwenini na karatasi mbili za kapsuli bila cheti cha daktari. Alisimama mikono nyuma. Alisema aliumia goti mpirani, rafiki akampa dawa, goti likapona, lakini akajikuta hawezi kulala bila dawa. Alisema, “Waheshimiwa, nimejaribu kuacha mara tatu.” Mjumbe mmoja akasema kwa sauti ambayo hakujali kuipunguza, “Teja huyu.” Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha vikaoni cha watu wanaotaka kwenda kula. Sikucheka. Wala sikusema neno. Zilipohesabiwa kura mkono wangu ulikuwa juu. Kisha nikaomba udhuru, nikaenda msalani, nikafungua kifuko cha miwani.

Tofauti yangu na kijana yule ilikuwa nini? Mtaniambia cheti. Cheti changu kilikuwa cha wiki mbili, na kilikuwa kimekwisha muda kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimezidi kwa mshahara, umri, tai, na jina linalotanguliwa na Dokta. Kwa vitu hivyo vinne mimi nilikuwa mgonjwa na yeye alikuwa teja. Nalo neno lenyewe hebu tulisikilize: teja, mteja. Mimi nami nilikuwa mteja, tena mteja mwaminifu kuliko yeye, isipokuwa dirisha langu lilikuwa na feni na risiti.

Ugomvi wangu ni na tabaka letu, tabaka la waliosoma na kuajiriwa. Tumelifanya neno uraibu kuwa mali ya watu wa vijiweni, kisha tukajificha nyuma yao. Kadiri teja anavyoonekana wazi, ndivyo sisi tusivyoonekana. Tunashangilia polisi wanapowakusanya vijana, tunaandika maandiko ya miradi juu yao, tunawahoji kwa ajili ya tasnifu zetu na kuwapa majina ya bandia, halafu tunarudi nyumbani na vifuko vyetu vya miwani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba mwenye cheo huweza kuficha yake muda mrefu kwa kumwacha mwingine aumbuliwe badala yake.

Na tazama nani kati yetu ameonyesha ushujaa. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, ya kwanza Tanzania Bara. Utaratibu wa tiba hiyo, hasa mwanzoni, humtaka mtu afike kliniki kila siku na kuinywa dawa mbele ya mhudumu. Fikiria maana yake. Mtu anatoka nyumbani kila asubuhi, anapanga foleni mchana kweupe mahali ambapo kila mpita njia anajua ni foleni ya nini, na kesho anarudi tena. Mimi mwenye shahada tatu nisingeweza kusimama katika foleni ile hata dakika tano. Tunayemwita teja amekiri kwa miguu yake kila siku ya Mungu, na sisi hatujakiri hata kwa daktari aliyefunga mlango.

Najua jibu litakaloletwa na watumishi wenzangu wa umma, na linaniogopesha kuliko dharau: basi zifungiwe dawa hizi zote. Hapana. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za ukoo wa mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata sehemu moja ya kumi ya tani. Bara letu lina watu wanaokufa kwa saratani wakilia, wakati dawa ya kukituliza kilio hicho ni ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto mwenye selimundu akifika hospitalini usiku mifupa ikimuuma, hahitaji mhudumu anayemtazama kwa jicho la kumshuku. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 wenyewe, ule ambao maofisa wetu huutaja wanapotaka kukaza, unakiri katika utangulizi wake kwamba matumizi ya dawa hizi kwa kutuliza maumivu hayawezi kuepukwa.

Jirani zetu wa Uganda walilielewa jambo hili mapema. Tangu 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha huduma ya hospisi jijini Kampala, mofini ya maji hutengenezwa humo humo nchini kwa kuchanganya unga na maji, na baadaye wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kisheria kuiandika kwa wagonjwa. Aliyepewa mofini hiyo hupewa pamoja na muuguzi anayemjua na kumfuatilia. Mimi nilipewa dawa peke yake.

Na wale wanaosema huu ni ugonjwa wa Marekani wana haki nusu. Kampuni ya Purdue ilipoanza kuuza OxyContin mwaka 1996, iliwaaminisha madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri mengine mwaka 2020. Lakini Nigeria haikuwa Marekani ilipopiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini mwaka 2018, na Misri inawatibu waraibu wa tramadoli hii hii kwa wingi.

Niliachaje? Mke wangu aliifungua miwani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, “Baba Neema, hizi ni za nani?” nami, baada ya miaka minne ya ufundi wa kudanganya, sikupata uongo hata mmoja. Tulikwenda pamoja kwa daktari mwingine, akanipunguzia dozi kidogo kidogo kwa miezi saba, pamoja na mazoezi tiba ya mgongo ambayo yangeanza mwaka 2015 kama mtu angeyataja. Nawasihi walio katika hali hiyo wasithubutu kuacha kwa siku moja, kwa ujasiri wa mwezi wa Ramadhani au wa Kwaresima; nilijaribu hivyo nikaishia kuanguka bafuni. Mgongo bado unaniuma. Leo nimeandika nusu ya makala haya nimesimama.

Ninachokidai hakihitaji mfadhili. Cheti cha dawa ya ukoo huu kiandikwe na siku ya kuanza kupunguza, si siku ya kwanza tu. Mtumishi wa umma anayejitokeza mwenyewe apewe ruhusa ya matibabu kama apewavyo mwenye kisukari, na jalada lake la nidhamu lisiguswe. Kamati zetu za vyuo zimpeleke mwanafunzi kwa daktari kabla ya kumpeleka getini. Na mjumbe mwenye kifuko cha miwani kama changu ajitoe kwenye shauri, kama ambavyo angejitoe iwapo mshtakiwa angekuwa mpwa wake. Hilo la mwisho ningeweza kulifanya mwaka 2018 bila sheria yoyote mpya.

Mwezi uliopita niliiandikia ofisi inayohusika nikaeleza yote haya kwa jina langu kamili, nikaomba shauri la kijana yule lifunguliwe upya. Nilijibiwa kwa adabu kwamba adhabu yake ilikuwa ya mwaka mmoja, ulikwisha zamani, lakini mhusika hakurejea kujisajili. Namba ya simu iliyo katika faili haipatikani. Nimewaandikia tena kuuliza kama wana ya mzazi wake.