Tuwaombee Vijana Wetu, na Tuwatafute



Wapendwa Taifa la Mungu, katika jumuiya ndogondogo tunazozitembelea hapa Matembwe, nia za sala ni karibu zilezile: wagonjwa, marehemu, mvua, na kisha vijana. Wazazi wanawaombea mabinti waliokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na wana waliokwenda kutafuta kibarua Makambako, pale barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinapokutana. Mioyo ya wazazi hao ina hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 uliukuta Mkoa wetu wa Njombe ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo zipo nyumba tunazozifahamu, na bibi waliolea wajukuu walioachwa yatima.

Kwa hiyo tunasali, na ni vema. Lakini sala yetu inatupeleka wapi? Wapo miongoni mwetu wanaomweleza Mungu habari zote za kijana wao, ilhali kijana mwenyewe hawamwambii neno. Mambo ya mwili na ya UKIMWI huonekana aibu kutajwa nyumbani. Basi kijana huyapata kwa rafiki na katika simu.

Injili ya Luka, sura ya pili, yatufundisha njia nyingine. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12 alipobaki Yerusalemu. Maria na Yosefu walikwenda mwendo wa siku nzima wakiamini yumo msafarani. Walipomkosa, imani yao haikuwaketisha chini. Waligeuka, wakamtafuta mpaka siku ya tatu, na Mama akamweleza waziwazi uchungu wao. Jibu la Mwana hawakulielewa. Hata hivyo walirudi naye Nazareti.

Nasi twaweza kudhani kijana yumo msafarani kwa kuwa alibatizwa, akapokea Kipaimara, na jina lake limo katika daftari la jumuiya. Tugeuke, tumtafute. Tumpigie simu binti aliye mjini, si kwa kumwomba fedha tu, bali tumwulize kama analipwa, kama anapumzika, kama yu salama. Tukae jikoni na kijana wetu, tuzungumze naye juu ya useja, uaminifu na upimaji. Na yule aliyekutwa na VVU asikute mlango umefungwa. Dawa za kufubaza virusi humwezesha kuishi miaka mingi akizimeza kila siku bila kukosa. Lakini ni vigumu kuzimeza hivyo katika nyumba yenye masimango.

Kutegemea imani si kumwachia Mungu mazungumzo yaliyo wajibu wetu. Ni kumwomba ujasiri wa kuyaanza, hata kama hatujui tutajibiwa nini. Basi juma hili, baada ya Rozari ya jioni, kila familia imwendee kijana wake mmoja na kumsikiliza.

Bikira Maria, Mama uliyemtafuta Mwanao kwa uchungu, utuombee.