Goma–Kinshasa: kilometa 1560 ambazo leo zinapita 3000

Kutoka uwanja wa ndege wa Goma hadi ule wa N'djili, Kinshasa, ni karibu kilometa 1560 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria inazimaliza kwa saa mbili hadi mbili na nusu. Na kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, aliyeondoka Goma asubuhi alifika huko mchana bado mrefu.

Hesabu hiyo ilikufa mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia Goma na uwanja ukafungwa.

Leo mkaaji wa Goma anayekwenda mji mkuu wa nchi yake anavuka mpaka na kuingia Rwanda, nchi ambayo Kinshasa inaishtaki kuwaunga mkono waasi, na ambayo inakana. Anapanda gari saa tatu au nne hadi Kigali. Kutoka huko hakuna ndege ya moja kwa moja: tangu Februari 2025 Congo imefunga anga yake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Basi anarudi nyuma, kuelekea mashariki. Kigali–Nairobi ni karibu kilometa 760, kisha Nairobi–Kinshasa karibu 2400. Akipitia Addis Ababa, angani peke yake inafika kilometa 4500. Ukiongeza kungojea ndege ya pili, siku nzima imekwisha, na mara nyingi usiku pia.

Barabara? Ya kuunganisha Goma na Kinshasa kwa kweli haipo. Ndiyo maana uwanja huu si anasa ya matajiri. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, lakini ndege ziliendelea kutua kwenye kipande kilichobaki. Vita vimefanya kile ambacho volkano haikuweza.

Uzito mkubwa si kilometa, ni pasipoti. Zamani kadi ya mpiga kura ilitosha kwa safari ya ndani. Sasa mgonjwa anayetumwa Kinshasa kwa matibabu, au mwanafunzi aliyepata nafasi huko, anahitaji hati ya kuvuka nchi mbili za kigeni. Ambaye pasipoti yake imeisha amefungiwa.

Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa tena katika majuma yanayofuata. AFC/M23 ikajibu kwamba uamuzi ulichukuliwa bila kuiuliza. Kila upande unabishana juu ya nani mwenye ruhusa ya kufungua, kwa sababu anayefungua uwanja anaonekana kuwa mwenye mji. Lakini wengi wetu tulipita haraka juu ya neno moja la tangazo lile: ndege za misaada. Dawa na chakula vinahitajika sana, hakuna wa kupinga. Ila ndege hizo haziuzi tiketi, na hata zikitua kesho, mwanafunzi yule atabaki kwenye mstari wa mpakani, pasipoti mkononi.