Mbwa wa nyumbani akitibiwa saratani, watoto nao walindwe

Wiki mbili zilizopita, nikiwa namalizia kliniki hapa Singida mjini, baba mmoja kutoka Ikungi aliyemsindikiza mkewe, mjamzito wa miezi sita, alirudi mlangoni peke yake. "Shikamoo daktari. Nina swali la nje ya hospitali, naomba usinicheke," akasema. Nikaitikia na kumwambia aketi.

Mbwa wao, Popi, alikuwa anatokwa na damu sehemu za siri. Aliyegundua ni mtoto wao wa miaka tisa, ambaye kila Jumamosi humwogesha mbwa huyo kwenye karai. Afisa mifugo alimkagua, akawaeleza kuwa ni saratani na kwamba inatibika kwa sindano ya kila wiki. Lakini kijana mmoja wa dukani akamshauri baba huyu asihangaike na nauli ya kumleta mbwa mjini. Angemtafutia chupa ya dawa, akamchome mwenyewe nyumbani, kwenye paja, mtoto akimshikilia mbwa kichwa na mama akiwasha taa.

Swali la baba huyu lilikuwa moja tu: sindano ichomwe paja la kulia au la kushoto?

Sikucheka. Mimi ni daktari wa binadamu, na kazi ya kumtibu Popi si yangu. Lakini dawa aliyonitajia naijua vizuri, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo tunayowapa watoto wenye saratani. Nikaona jambo hili linafaa kusemwa hapa, maana katika mkoa wetu wa wafugaji karibu kila boma lina mbwa, na mbwa huyo mara nyingi ni rafiki wa kwanza wa mtoto.

SARATANI YA NAMNA GANI?

Mbwa hupata saratani za aina nyingi, kama sisi. Hupata za matiti, ngozi, mifupa na damu. Lakini iliyo ya kawaida katika maeneo yenye mbwa wengi wanaozurura ni ile inayoenezwa kwa kujamiiana. Ni ugonjwa wa ajabu. Kinachoenea si kirusi wala bakteria, bali chembe zenyewe za saratani. Zinatoka kwenye uvimbe wa mbwa mmoja na kupandikizwa kwa mwingine wanapojamiiana, kulambana au kunusana. Watafiti wa vinasaba wanaamini kuwa uvimbe huo ulianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na chembe zake zimekuwa zikihama kutoka mbwa hadi mbwa mpaka leo.

Dalili yake ni kinyama kinachofanana na ua la koliflawa kwenye uume au uke wa mbwa, na damu inayodondoka kidogo kidogo. Wakati mwingine hutokea puani au mdomoni. Wenye mbwa jike hudhani yuko kwenye joto, wakaacha miezi ipite.

Wazazi wengi wataniuliza kama binadamu anaambukizwa. Hapana. Saratani hii haimpati mtoto kwa kumkumbatia mbwa wala kwa kulala naye. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumfukuza mbwa nyumbani au kumtupa porini. Ukimtupa porini unaupeleka ugonjwa kwa mbwa wa kijiji cha jirani.

Habari njema ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa zinazosikia dawa vizuri. Kwa kawaida mbwa huchomwa sindano moja kila wiki, kati ya nne na nane, na wengi hupona kabisa. Mara nyingi damu hupungua baada ya sindano mbili za kwanza. Hapo ndipo familia nyingi huacha matibabu. Usiache. Endelea mpaka daktari wa mifugo aseme uvimbe umekwisha.

DAWA NI ILE ILE YA WATOTO WETU

Dawa hiyo inaitwa vinkristini. Asili yake ni mmea uliotoka Madagaska, wenye maua madogo ya waridi au meupe ya petali tano, ambao wengi wetu tumeupanda mbele ya nyumba kwa urembo. Tangu miaka ya 1960 imekuwa ikitibu saratani ya damu na saratani nyingine za watoto, ikiwamo ile ya taya aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Na tafadhali, usichemshe maua hayo ukayanywa au kumnywesha mbwa. Mmea wenyewe ni sumu. Dawa hupatikana baada ya kuchujwa na kupimwa viwandani.

Vinkristini inaua chembe zinazogawanyika haraka. Chembe za saratani hugawanyika haraka, lakini hata za mtoto aliye tumboni hugawanyika haraka. Ndiyo maana nilishtuka niliposikia mama mjamzito ndiye angewasha taa.

KWA NINI ISICHOMWE NYUMBANI

Sasa nirudi kwenye swali la paja. Jibu ni kwamba haichomwi paja lolote. Vinkristini huingizwa ndani ya mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama na kuacha kidonda kikubwa kisichopona upesi. Hospitalini tunaiandalia chumba maalumu, tunavaa glavu na koti, na mgonjwa hafanyi purukushani. Sasa fikiria mbwa anayepigana, baba asiyewahi kuona mshipa, na mtoto ambaye uso wake uko shubiri moja kutoka kwenye sindano. Tone moja likiruka jichoni mwa mtoto huyo, umekuja kutibu mbwa ukapata mgonjwa wa pili.

Kwa hiyo, nauli ya kumpeleka Popi kwa daktari wa mifugo ndiyo sehemu ya tiba isiyopunguzwa. Chupa ya dawa isilale nyumbani kwako hata usiku mmoja, iwe kabatini au kwenye jokofu la soda.

Kwa saratani zinazohitaji uchunguzi zaidi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya kufundishia madaktari wa mifugo. Ni mbali kwetu, na si kila familia itaweza. Hilo nitalisema mbele.

NANI AKAE MBALI, NA KWA SIKU NGAPI

Baada ya sindano, mabaki ya dawa hutoka mwilini mwa mbwa kupitia mkojo, matapishi na hasa kinyesi. Siku tatu za mwanzo ni za tahadhari kubwa. Mimi huwashauri watu wahesabu wiki nzima, maana ni rahisi kuikumbuka.

Mosi, mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wote wasizoe uchafu wa mbwa huyo wala wasifue tandiko lake. Kazi hiyo aifanye mtu mzima mmoja, avae glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka.

Pili, mfunge mbwa sehemu moja yenye udongo, mbali na kisima, jiko na bustani ya mboga. Kinyesi kizolewe kwa koleo pamoja na udongo wake, kitumbukizwe chooni. Usikifagie kikavu kikapeperusha vumbi. Akikojoa kwenye sakafu ya saruji, osha kwa sabuni na maji mengi, ukimwaga polepole ili yasiruke.

Tatu, tandiko lake lifuliwe peke yake, si kwenye beseni moja na nepi za mtoto.

Nne, mtoto anaruhusiwa kumpapasa mgongoni na kumsalimia, kisha anawe mikono. Asilambwe usoni, na kuogesha mbwa kwa Jumamosi hizo kuwe kazi ya baba. Mpe mtoto kazi nyingine ya upendo, kwa mfano kuweka alama kwenye kalenda kila sindano inapopita, na kumpelekea maji safi.

CHAKULA NA DALILI ZA HATARI

Mbwa wengi huvumilia dawa hii vizuri, lakini wengine hukosa hamu ya kula, huharisha au hushindwa kupata choo. Mpe ugali laini wenye mchuzi wa dagaa au nyama, kidogo kidogo. Usiweke kitunguu, kwani ni sumu kwa mbwa. Kosa jingine kubwa ninalolisikia ni kumpa mbwa paracetamol, diclofenac au ibuprofen za nyumbani kwa kumhurumia. Dawa hizo zinaweza kumuua.

Kwa kuwa dawa hushusha chembe nyeupe za damu, homa, ulegevu, kutapika mfululizo au kutokula kwa siku mbili ni sababu ya kumpigia daktari wa mifugo mara moja. Usisubiri sindano ijayo.

Muulize pia juu ya kumhasi na ratiba ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili la kichaa ni la uhai wenu wote. Mbwa akibadilika ghafla, akawa mkali, akatoa udenda mwingi au akashindwa kumeza, msiseme tu kwamba "ni dawa ya saratani". Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, hatuna tiba.

KAMA MGONJWA NI WEWE

Wapo wasomaji wanaotoka Ocean Road, Bugando au KCMC na kurudi nyumbani wakiwa kwenye dawa za saratani, na ndugu huwaambia wamwondoe mbwa. Si lazima. Mwache abaki, lakini usizoe kinyesi chake, asilambe kidonda wala mahali penye mrija wa dawa, na nawa mikono kila unapomgusa. Ujue pia kwamba tahadhari nilizoandika juu zinakuhusu wewe mwenyewe. Kwa siku mbili hadi tatu baada ya dawa, anayekusafishia mkojo au matapishi avae glavu, na asiwe mjamzito.

IKISHINDIKANA

Nisiwadanganye. Kuna saratani za mbwa ambazo dawa haziwezi, na kuna nyumba ambazo fedha ya sindano nane ndiyo fedha ya sare za shule. Baba au mama akichagua sare, hajafanya dhambi. Kumwomba daktari wa mifugo amlaze mbwa bila maumivu ni huruma. Kumwacha anaoza nyuma ya zizi, au kumpiga rungu watoto wakisikia, si huruma.

Na mtoto aambiwe ukweli. Tuna mazoea ya kusema "Popi ameenda kwa bibi." Mtoto huyo kesho atasikia bibi yake anapelekwa hospitali, naye ataelewa kwamba watu wazima hutumia safari kuficha kifo. Mwambie: Popi anaumwa ugonjwa mkubwa, si kosa lako, sisi hatutaupata kwake, na tunajaribu. Mwache alie. Nimewahudumia watoto wenye saratani walioniuliza maswali mazito ambayo wazazi wao walikuwa wakiyakwepa, na karibu kila mara mtoto alikuwa anajua tayari.

WITO WANGU

Serikali imekuwa ikihimiza Afya Moja, yaani afya ya watu, mifugo na mazingira kushughulikiwa pamoja, na dawati lake liko Ofisi ya Waziri Mkuu. Dhana hiyo ishuke mpaka kwenye kata. Afisa mifugo anayeandika vinkristini aulize, "Nyumbani kuna mjamzito? Kuna watoto?" Nasi wa kliniki ya wajawazito tuulize, "Nyumbani kuna mnyama anayetibiwa?" Mimi nilikuwa sijawahi kuuliza. Kama baba yule angeona haya kurudi mlangoni, nisingejua kamwe.

Baba yule aliahidi kumleta Popi mjini kwa bodaboda, ndani ya tenga la kuku, na mama kubaki nyumbani. Juzi alinipigia simu kwamba sindano ya pili imepita na damu imepungua. Sindano zilizobaki bado ni nyingi, na njia ya Ikungi ina gharama zake. Tuwaombee.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto yule aliona uvimbe wa mbwa kwa sababu humwogesha kwa mikono yake kila wiki. Ogesheni watoto wenu hivyo hivyo. Saratani ya figo ya watoto wadogo mara nyingi hugunduliwa na mama anayemwogesha mwanawe na kuhisi kitu kigumu tumboni. Ya jicho huonekana kama weupe unaong'aa ndani ya mboni. Ya taya hukua kwa siku na wiki, na meno hulegea. Ukiona mojawapo, usingoje mavuno ya alizeti. Njoo na mtoto kesho asubuhi.